Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Baba

Baba yangu alizikwa mwezi wa Agosti, mwaka wa 1982. Mwaka huu alikuja ofisini kwangu Malaba akaomba chai.

Mimi ni ajenti wa forodha. Nina diploma ya kazi hiyo na kibanda cha mabati kando ya foleni ya malori yanayovuka kwenda Uganda. Watu wanaoingia kwangu huwa wamechoka, au wamekasirika, au wanadanganya kuhusu kilicho ndani ya kontena. Kwa hivyo mzee mmoja alipoketi, akavua kofia na kusema, "Nabwire, mimi ndiye Barnabas, babako," nilimwambia akae pembeni nimalize na dereva.

Sikuanguka kwa mshtuko kwa sababu nilijua kilichomo kaburini. Kila mtu wa kwetu anajua. Ni mgomba. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, shina la mgomba hukatwa, huvishwa nguo zake, hulazwa ndani ya jeneza na kuzikwa kama mtu, ili roho yake ipate pa kutulia. Baba alikuwa fundi wa redio katika jeshi la wanahewa huko Nairobi. Wanahewa walipojaribu kupindua serikali Agosti hiyo na kushindwa, hakuonekana tena. Mdogo wake, Ogutu, akatangaza kwamba kaka yake amekufa, na mgomba ukazikwa bomani kwetu, nje kidogo ya soko la Khunyangu.

Dereva alipotoka nilimgeukia mzee. "Umekuwa wapi?"

"Tororo."

Mwamba wa Tororo unaonekana kutoka mlangoni pangu. Asubuhi nikifungua kufuli ndio wa kwanza kuniangalia.

"Tororo hapo?"

"Hapo hapo." Alisema kama mtu anayetaja mahali alipoegesha baiskeli.

Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, baadaye simu. Alikuwa na mke na watoto. Mke amefariki, na watoto wale wameanza kumwambia kwamba kwao ni Kenya. Sasa alitaka kurudi Khunyangu, na akifa alazwe kando ya mke wake wa kwanza, Mugeni. Huyo ndiye mamangu, na amelala pale tangu zamani, kando ya ule mgomba, kwa sababu yeye mwenyewe aliomba azikwe karibu na mumewe.

Nilimtazama akipuliza chai. Pua ilikuwa yangu. Masikio yalikuwa ya binti yangu. Ilinichukiza, kama unapokuta mtu usiyemjua amevaa nguo yako.

"Nijibu kitu kimoja," nikasema. "Mama alijua uko hai?"

"Hakuna aliyejua, mwanangu. Nilivuka peke yangu, usiku, nikaogopa kutuma hata neno. Walikuwa wanatutafuta kama panya."

Basi. Mtu akiogopa anaogopa. Mimi si hakimu. Nilifikiri, mzee anahitaji paa, na vita vyake ni vya zamani. Kama kweli hakuna aliyejua, basi sote tulidanganywa na bahati mbaya, na bahati mbaya haina mtu wa kushtakiwa.

*

Binti yangu Winny alifurahi kuliko mtu yeyote. Anasoma historia chuo kikuu, na alikuwa nyumbani likizo akifanya kazi ya darasa kuhusu askari walioasi majeshi yao. Alipopata habari kwamba babu yake, Kuka kwa lugha yetu, ni mmoja wao na yuko hai, alinikumbatia kana kwamba nimemzaa upya.

"Mathe, Kuka ni historia inatembea!"

"Inatembea na inakunywa chai yangu."

"Wewe huoni? Askari haasi bila sababu. Sikiza." Akaanza kunihubiria nikikatakata sukuma wiki. Akanieleza kuhusu Januari 1964, uhuru ukiwa mbichi, askari walivyoasi Dar es Salaam, halafu Jinja, halafu Lanet, yote ndani ya wiki moja. Walitaka mshahara wa kueleweka na maofisa Waafrika, na serikali zote tatu zikawaita Waingereza waje kuwanyang'anya bunduki. Akarudi nyuma mpaka 1897, kwa askari wa Kisudani waliotumwa na Waingereza kwenda safari baada ya safari, wakagoma kule Ravine na kuteremka hadi Busoga.

"Unajua moja ya malalamiko yao ilikuwa nini?" Winny akauliza. "Kutenganishwa na wake zao na watoto. Walikataa kwenda bila familia."

Nilisimamisha kisu. "Hao nimewaelewa."

"Na Kuka?"

"Huyo bado."

Ninasema ukweli, sina chuki na uasi wenyewe. Nimefanya kazi mpakani miaka mingi, nimeona wakubwa wanavyowatendea wadogo wenye magwanda, na mara nyingine nimeshangaa kwamba bunduki hazigeuki kila wiki. Shida yangu ni kinachofuata baada ya uasi kushindwa. Wakati huo mtu aliyesema anakufa kwa ajili ya wengine huanza kutafuta wengine wa kufa kwa ajili yake.

*

Ogutu ndiye aliyeshika mambo yote. Siku hizi ni mzee wa kanisa na mzee wa ukoo, na hajawahi kukutana na kipaza sauti asikipende. Alimwalika mheshimiwa mwakilishi wa wadi. Akaleta hema na viti. Akatangaza kwamba shujaa wa 1982 anarudi nyumbani. Ili wageni waone kwamba si maneno matupu, alimwita pia mzee Okal kutoka Budalang'i, aliyekuwa mwanahewa pamoja na baba na ambaye alifungwa miaka mingi kwa ajili ya siku ile.

Lakini mtu aliyezikwa haingii bomani kwa kupiga hodi. Wazee walibishana kuhusu utaratibu mpaka sauti zikawakauka, kila mmoja akitaja kijiji alikoona ikifanywa kwa namna yake. Mwishowe walikubaliana hivi. Baba angekaa nje ya ua. Kondoo angechinjwa langoni. Nyama ya kidari ingechomwa, baba aume kipande, kisha ampe mtoto wake wa kwanza, naye atafune na kumeza mbele ya watu. Baada ya hapo angeingia kama mtu aliye hai, na mgomba ungefukuliwa na kuchomwa. Mtoto wa kwanza ni mimi. Bila mimi kumeza, haingii. Asipoingia akiwa hai, hawezi kuingizwa akiwa maiti.

"Ni kipande kidogo tu," Ogutu aliniambia. "Hata kama kidole."

"Nitakula. Nina makontena ya mchele Jumatatu, nataka hii maneno iishe."

Ndivyo nilivyosema, na ndivyo nilivyokusudia. Ningemeza, ningemsalimia kila mtu mkono, ningerudi Malaba. Nilimnunulia hata shati la kuvaa siku hiyo.

*

Jumamosi jua lilikuwa kali na hema lilikuwa limejaa. Baba aliketi kwenye kiti cha plastiki nje ya ua wa michongoma, shati langu jeupe mwilini, kola imefungwa mpaka juu. Wanawake walikuwa wakichochea masufuria ya pilau nyuma ya nyumba. Mheshimiwa alifika amechelewa, akafungua mdomo, akasema vijana wa leo wajifunze ujasiri kutoka kwa mzee huyu. Watu wakapiga makofi. Winny alikuwa anarekodi kwa simu.

Mzee Okal aliketi pembeni peke yake, mwembamba, koti kubwa kuliko mabega. Nilimpelekea soda.

"Ulimfahamu vizuri?" nikamuuliza.

"Kitanda chake kilikuwa kando ya changu, mama. Alikuwa mcheshi." Alinywa kidogo. "Ile asubuhi alikuwa wa kwanza kufurahi. Jioni hatukumwona."

"Wewe ulikimbilia wapi?"

"Nyumbani, ziwani. Nilijificha kwenye mafunjo mpaka mtu akanitaja."

Wakaniita langoni. Nyama ilikuwa imechomwa juu juu tu, mafuta yakichuruzika kwenye kigae, na inzi walikuwa wamefika kabla ya mheshimiwa. Baba alishika kipande, akauma, meno yake machache yakakivuta kama mbwa na kamba. Akanyoosha mkono. Niliona alama za mate kwenye nyama. Nikajiambia, Nabwire, umewahi kumeza dawa mbaya kuliko hii. Nikaitia mdomoni, nikaanza kutafuna.

Ilikuwa ngumu. Kondoo mzee. Nilikuwa bado natafuna wakati Ogutu, akiona watu wote wamenyamaza na macho yote yako langoni, alishindwa kujizuia. Alishika kipaza sauti.

"Wakati binti yetu anakula," akasema, "wacha leo niwafichulie siri. Mnafikiri huyu alivuka peke yake? Alivushwa na mimi!"

Watu wakacheka na kushangaa. Baba alitikisa kichwa kidogo, kumwonya. Ogutu hakumwangalia.

"Alifika hapa usiku, nikamvisha gauni la mama yetu na kitambaa kichwani, nikambeba kwa baiskeli mpaka mpakani kama mwanamke mgonjwa! Nikarudi. Lakini askari wakawa wanakuja, wanapiga watu, wanapekua mpaka ghala. Ndio nikafikiri, hawa watu wataacha lini? Wataacha tukizika! Nikanoa panga, nikaenda shambani, nikakata mgomba."

"Ogutu wewe!" mtu akapiga kelele kwa furaha.

"Subiri! Siku ya mazishi askari walikuja wamevaa kiraia, wamejichanganya na watu. Niliwatambua kwa viatu. Nikasema moyoni, leo tumekwisha, wakifungua jeneza watakuta shina la mgomba, wajue hakuna maiti!" Hema lote lilikuwa linacheka. "Lakini Mugeni, Mungu amrehemu, Mugeni alilia! Alijitupa kaburini, watu wanne wakamtoa. Alirarua nguo. Yule mkubwa wao akavua kofia, wakaondoka, na hawakurudi tena. Tuliangusha serikali nzima kwa mgomba na mwanamke mmoja!"

Mheshimiwa alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Mimi nilikuwa nimeacha kutafuna.

Nilikuwa mdogo wakati ule, lakini kuna mambo mtoto hukua nayo ndani ya nyumba. Mama alinyolewa nywele. Mama alilala chini siku zote za matanga. Halafu huyu huyu Ogutu, aliyemvusha kaka yake kwa baiskeli na mikono yake, akaja usiku mmoja kudai kumrithi mjane wa marehemu, kwa sababu mila ni mila. Mama alikataa, akafukuzwa, akanibeba mgongoni mpaka Busia, akakaanga samaki kwenye maegesho ya malori mpaka mapafu yakamwisha. Kila Pasaka alirudi Khunyangu kupalilia kaburi la ule mgomba. Angalau angeambiwa kwamba anampalilia mtu aliye hai.

Mdomo wangu ulijaa mafuta ya kondoo. Nilihisi kila uzi wa ile nyama kwenye ulimi, pamoja na mate ya yule mtu.

Niliitema. Ilianguka kwenye vumbi, karibu na kiatu chake.

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Amemtema babake!" mwanamke mmoja akasema.

Sikuhitaji kipaza sauti. "Uliniambia hakuna aliyejua."

Baba alitazama ile nyama, kisha akanitazama mimi. Angeweza kusema samahani. Angeweza kulia, watu walikuwa tayari kulia pamoja naye. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida kwa mtu mgumu wa kuelewa.

"Ningemwambia, asingelia vile."

Nilipangusa mafuta mdomoni kwa kiganja.

"Mlimtumia mama," nikasema. "Ulikaa Tororo ukijua anakulilia."

"Ilikuwa vita, Nabwire. Kila mtu alifanya sehemu yake."

"Yeye mlimpa sehemu lini? Nani alimuuliza?"

Ogutu aliingilia, bado ameshika kipaza sauti, jasho limemtoka. "Binti, usituaibishe mbele ya wageni. Mwanamke hawezi kupewa siri ya kijeshi. Angeulizwa kidogo tu angesema. Shujaa angenyongwa."

Hapo mzee Okal alisimama. Alichukua muda kunyooka, na watu wakamngoja, kwa sababu hata wale waliokuwa wamechoka na hotuba walijua huyu ndiye aliyelipa.

"Mimi sijui kuongea mbele ya watu," akasema. "Lakini Apondi, mke wangu, alijua mahali niko. Alikuwa analeta chakula usiku kwa mtumbwi. Askari walikaa kwetu, wakamvunja mkono huu wa kushoto. Hakusema. Aliyesema alikuwa ndugu yangu wa kiume. Tena hakupigwa."

Alimwangalia baba. "Barnabas, mimi nimekuja leo kukuona kwa macho yangu, maana nilifikiri ulifia mtoni ukijaribu kuvuka. Miaka yote nimekuombea kama marehemu. Ungenitumia hata salamu, bwana. Hata ya kupitia kwa wachuuzi wa mchele wanaovuka mpaka."

Baba alishughulika na kola.

Mzee Okal akachukua kofia na kuniuliza kama gari langu linapitia barabara ya Budalang'i. Nikamwambia litapitia. Winny alikuwa ameteremsha simu, uso umekuwa kama wa mtu aliyekula embe lenye funza. Alimfuata mzee Okal garini bila kuaga mtu.

Nilipokuwa nafungua mlango, wazee walikuwa wamelizunguka lile donge la nyama chini.

"Alikuwa ameshatafuna," mmoja alikuwa akisema. "Kutafuna ni kula."

"Kula ni kumeza. Mtoto akitema uji, utasema amekula?"

"Lakini mate ya nyama yalishuka!"

"Wewe ulikuwa ndani ya koo lake?"

Na nyuma yao watu walikuwa wamekwisha kujipanga na sahani, kwa sababu pilau ilikuwa tayari, na mheshimiwa alikuwa wa kwanza. Baba alikuwa pale pale kwenye kiti cha plastiki nje ya michongoma. Mtu alimpelekea sahani, akaiweka mapajani, akaanza kula.

*

Tulimfikisha mzee Okal kwao. Apondi alitutengea ugali na samaki, mkono wa kushoto ukiwa umekunjika vibaya kwenye kiwiko, na hakuuliza sherehe ilikuwaje. Winny alimsaidia kuosha vyombo. Alikaa naye jikoni muda mrefu. Njiani kurudi aliniambia atabadilisha ile kazi ya darasa.

"Utaandika nini?"

"Sijui. Vitabu vyote vinaniambia nani alishika bunduki. Vinaishia kambini."

"Basi anzia jikoni."

Jumatatu nilikuwa na makontena yangu ya mchele, na foleni ilikuwa imefika mpaka kituo cha mafuta, wakati wazee wawili wa ukoo walipoingia ofisini na kofia mikononi. Niliwapa viti. Walisema baba amelala kwa jirani tangu Jumamosi, nje ya boma, na jirani ameanza kunung'unika. Walisema jambo hili linaweza kumalizika kwa heshima.

"Hatukuja kugombana, mama," mkubwa wao akasema. "Tumekuja na swali dogo tu. Tuambie ukweli mbele ya Mungu. Ulimeza?"

"Sikumeza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mate je? Maana mtu hawezi kutafuna asimeze mate. Ukisema tu ulimeza mate, sisi tutajua la kufanya. Mzee ataingia, tutafukua ule mgomba, na siku yake ikifika atalala kando ya mamako. Wewe si utakuwa umempa mamako mume wake?"

Nilifikiri juu ya hilo. Nilifikiri kwa haki kabisa, maana walikuwa wametoka mbali na walikuwa wazee. Nilimwona mama amelala pale, na upande mmoja wanachimba, wanautoa ule mgomba alioulilia na kuupalilia, wanamweka mtu aliyemsikia akilia kutoka ng'ambo akanyamaza.

"Mgomba ubaki," nikasema. "Mama anaujua. Huyo mwingine hamjui."

"Na mzee tumpeleke wapi?"

"Mwenye baiskeli anajua njia. Amrudishe Tororo."

Yule mdogo alikuna shingo. "Kuna kondoo mwingine, mama. Tunaweza kurudia. Safari hii Ogutu hatashika kipaza sauti."

"Hata mkileta kondoo wote wa kwetu Butula."

Walibaki wameketi, wakitumaini nitaongeza kitu. Nje lori lilipiga honi. Nilisimama nikawafungulia mlango, nikawaambia wasalimie nyumbani, kisha nikamwita dereva aliyefuata.